Kiraka Kikishawekwa, Funguo Nazo Zibadilishwe

Tarehe 13 Mei 2008 mradi wa Debian ulitoa tangazo la usalama lenye namba DSA-1571. Wasimamizi wa seva walikuwa wamezoea matangazo ya aina hiyo: kumegundulika mwanya, kiraka ni hiki, kiwekeni mwendelee na kazi. Safari hii maelekezo hayakuishia hapo. Kiraka kilikuwepo, lakini kila ufunguo wa siri uliozalishwa na OpenSSL kwenye mashine za Debian tangu Septemba 2006 ulitangazwa kuwa haufai, hata baada ya kiraka kuwekwa. Wenye mashine walitakiwa kuutupa na kutengeneza mwingine. Ubuntu, ambayo hujengwa juu ya Debian, nayo ilikumbwa, katika matoleo yake ya 7.04, 7.10 na 8.04.

Naanza na tukio hilo la zamani kwa sababu linaonyesha waziwazi jambo ambalo wengi wanaotunza seva za shule, za hospitali na za vyama vya akiba na mikopo bado hawalizingatii. Kuweka kiraka kwenye programu ya usimbaji fiche ni mwanzo tu wa kazi. Baada yake kuna huduma zinazoendelea kutumia nakala ya zamani iliyobaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kuna siri ambazo huenda zimekwishatoka. Makala haya yanaeleza namna ya kuifikisha kazi hiyo mwisho kwenye Linux na mifumo ya BSD.

OpenSSL ni maktaba ya programu inayofanya hesabu za kuficha maandishi ili yasisomeke njiani. Watu wachache huifungua kwa mkono, ila wengi huitumia kila siku bila kujua: tovuti yenye kufuli juu ya ukurasa, seva ya barua pepe, OpenVPN, hifadhidata inayoongea na tovuti yake. OpenSSH, ambayo ndiyo njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva iliyo mbali, nayo huazima hesabu zake humo. Ndiyo maana kosa la mistari michache katika maktaba hii hugusa karibu kila kitu.

Kosa la 2008 lilikuwa la mistari michache kweli. Ili kuzalisha ufunguo, OpenSSL huhitaji namba ambazo hakuna mtu anayeweza kuzitabiri, na huzipata kwa kukusanya na kuchanganya data mbalimbali kutoka kwenye mfumo. Watu wa Debian walikuwa wakitumia Valgrind, chombo cha kunusa makosa ya matumizi ya kumbukumbu, nacho kilikuwa kikilalamika kwamba OpenSSL inasoma sehemu ya kumbukumbu ambayo haijaandikwa kitu. Ili kunyamazisha malalamiko hayo, mstari mmoja uliondolewa mahali pawili. Mahali pa kwanza haukuwa na madhara makubwa. Mahali pa pili ndipo ulipokuwa mlango ambao data zote zisizotabirika zilipitia. Mlango ukafungwa, na kilichobaki kutofautisha ufunguo mmoja na mwingine kikawa namba ya mchakato, ambayo kwenye Linux ya wakati huo haikuzidi 32,768.

Tafsiri yake ni kwamba kwa kila aina ya ufunguo, kwa kila ukubwa na kila aina ya prosesa, zilikuwepo funguo zisizozidi elfu thelathini na kidogo tu duniani kote. Kompyuta ya kawaida inaweza kuzizalisha zote, na muda mfupi baada ya tangazo orodha zake zilikuwa zimeshachapishwa. Mdukuzi alibaki na kazi ya kuzijaribu moja baada ya nyingine hadi seva ikubali. Aliyeligundua kosa hilo, Luciano Bello, alikuwa mwenyewe mmoja wa waundaji wa Debian. Kwa muda wa karibu miezi ishirini kabla yake hakuna taa nyekundu iliyowaka. Programu zilifanya kazi, funguo zilionekana nzima, seva zilipokea wageni wake kama kawaida.

Na funguo husafiri. Mtu alitengeneza ufunguo wa SSH kwenye laptop yenye Ubuntu 7.10, akapeleka nusu yake ya wazi kwenye seva ya CentOS ambayo haikuwahi kuwa na kosa hilo. Seva ile haikuwa na cha kuwekewa kiraka, lakini mlango wake ulikuwa wazi kwa yeyote mwenye orodha. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwa funguo za aina ya DSA (herufi hizi hazihusiani na zile za namba ya tangazo), kwa kuwa aina hiyo huhitaji namba isiyotabirika kila inapotia saini: ufunguo wa DSA uliotengenezwa vizuri kwingineko, ukitumika mara moja tu kwenye mashine mbovu, ulihesabiwa kuwa umeharibika. Mwaka 2015, miaka saba baadaye, mtafiti mmoja alipochunguza funguo za watumiaji wa GitHub alikuta baadhi ni zilezile dhaifu za Debian, bado zinafungua akaunti. Mashine zilizozizaa huenda zilikuwa zimeshatupwa jalalani.

Tukio la pili lilihusu siri nzima zilizovuja. Tarehe 7 Aprili 2014 lilitangazwa kosa la OpenSSL lenye namba CVE-2014-0160, ambalo dunia inalijua kwa jina la Heartbleed. Liligunduliwa na Neel Mehta wa Google, na kwa wakati uleule na wahandisi wa kampuni ya Codenomicon ya Finland. Matoleo yaliyoathirika yalikuwa kuanzia 1.0.1, lililotoka Machi 2012, hadi 1.0.1f. Katika matoleo hayo upande mmoja wa mawasiliano uliweza kutuma ujumbe mfupi wa kuuliza kama mwenzake yupo, pamoja na kutaja urefu wa ujumbe wenyewe. Seva ilipaswa kurudisha ujumbe uleule. Tatizo ni kwamba haikuhakiki urefu uliotajwa. Ukituma neno moja na kudai kuwa ni maneno elfu, ilikurudishia neno lako pamoja na chochote kilicholala jirani nalo kwenye kumbukumbu, hadi kilobaiti 64 kwa mara moja, na uliweza kuomba tena na tena.

Jirani hapo paliweza kuwa na nywila ya mtu aliyetoka kuingia sasa hivi, au ufunguo wa siri wa tovuti yenyewe. Wapo waliotilia shaka kama ufunguo ungeweza kuchomolewa kwa njia hiyo. Kampuni ya Cloudflare ikaweka seva ya majaribio mtandaoni, ikawaalika watu wajaribu, na siku ileile ufunguo ukachomolewa. Nchini Kanada mamlaka ya mapato ilifunga huduma zake za mtandaoni, na baadaye ikatangaza kwamba namba za utambulisho za walipakodi wapatao 900 zilikuwa zimeibwa. Shambulio hilo halikuacha alama katika kumbukumbu za kawaida za seva, kwa hiyo mwenye seva hakuwa na namna ya kujua kama aliibiwa. Alilazimika kuchukulia kwamba ameibiwa.

Basi fikiria mwizi ameshachonga nakala ya ufunguo wa nyumba yako, nawe unaajiri fundi azibe dirisha alilopitia. Waliosasisha OpenSSL mwaka 2014 wakaishia hapo walikuwa katika hali hiyo, na hata baadhi ya waliokwenda kuomba cheti kipya cha tovuti walikiomba juu ya ufunguo uleule wa siri. Cheti kilikuwa na tarehe mpya, na mwenye ufunguo wa zamani aliweza kuendelea kukitumia.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Fahamu kwanza unatumia nini. Amri ya cat /etc/os-release hukuambia jina na toleo la mfumo, na openssl version hukuambia toleo la OpenSSL. Kila jamii ya mifumo hutoa matangazo yake: Debian hutumia namba zinazoanza na DSA, Ubuntu USN, Red Hat RHSA. Udhaifu wenyewe hupewa namba ya CVE ambayo ni moja kwa dunia nzima, na hiyo ndiyo ya kuandika kwenye daftari lako, kwa kuwa ndiyo itakayokuunganisha na matangazo yote mengine. Tanzania ina TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, na Kenya ina KE-CIRT/CC chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hata hivyo kiraka chenyewe kitatoka kwa waliotengeneza mfumo wako, na tangazo lao ndilo la kusoma hadi mwisho. Mara nyingi aya ya mwisho ndiyo inayosema kama funguo zibadilishwe.

Kwenye Debian na Ubuntu amri ni mbili, na zote zinahitajika:

sudo apt update
sudo apt upgrade

Ya kwanza huleta orodha mpya ya pakeji na haiweki chochote. Wengi huiendesha hiyo peke yake, wakaona maandishi yanapita kwenye skrini, wakaamini wamesasisha. Hakikisha pia kwamba ghala la usalama limo katika /etc/apt/sources.list au kwenye faili za saraka ya sources.list.d, kwa Debian 12 utafute mstari wenye bookworm-security. Kuna mafundi huuondoa ili kubana bando, na mashine yao hukaa miezi ikijibu kwamba kila kitu kiko sawa. Kisha endesha apt-mark showhold uone kama kuna pakeji iliyozuiwa isisasishwe. Pakeji iliyozuiwa kwa sababu nzuri miaka miwili iliyopita huenda ndiyo iliyobeba mwanya leo.

Kwenye Red Hat, AlmaLinux, Rocky na Fedora tumia sudo dnf upgrade --refresh. Kwenye FreeBSD ni freebsd-update fetch ikifuatiwa na freebsd-update install, na usisahau pkg upgrade, kwa kuwa mashine moja ya FreeBSD inaweza kuwa na OpenSSL mbili: ile ya mfumo wenyewe na ile iliyoletwa na pakeji. OpenBSD ina syspatch, na haitumii OpenSSL bali LibreSSL, ambayo waundaji wake waliianzisha Aprili 2014 baada ya kuyaona ya Heartbleed.

Ukikutana na ujumbe kwamba faili ya ghala bado haijaanza kuwa halali, tazama saa ya mashine kabla ya kulaumu mtandao. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, kompyuta iliyozimika umeme huamka ikiamini ni mwaka mwingine, na apt hukataa saini zenye tarehe ya mbele. Rekebisha saa, jaribu tena. Kamwe usizime ukaguzi wa saini ili mambo yapite. Saini hiyo ndiyo inayokuhakikishia kwamba kiraka kimetoka kwa Debian na hakikubadilishwa na mtu njiani. Na umeme ukikatika katikati ya usasishaji, mashine ikiwaka endesha sudo dpkg --configure -a kisha urudie apt upgrade.

Namba za matoleo huwapotosha hata wenye uzoefu. Tarehe 1 Julai 2024 kampuni ya Qualys ilitangaza udhaifu wa OpenSSH uliopewa namba CVE-2024-6387 na jina la regreSSHion. Ulikuwa ni udhaifu wa mwaka 2006 uliokuwa umeshazibwa, ukarudi tena katika toleo la 8.5p1 la mwaka 2021, na uliweza kumpa mdukuzi madaraka yote ya mashine bila nywila. Waundaji wa OpenSSH waliuziba katika toleo la 9.8p1. Msimamizi wa Debian 12 akasasisha, akaangalia, akaona bado imeandikwa 9.2p1. Je, hajapona?

Amepona, mradi pakeji yake inasomeka 1:9.2p1-2+deb12u3 au zaidi. Mifumo inayothamini uthabiti haikuletei toleo jipya zima. Huchukua yale marekebisho tu na kuyashonea kwenye toleo la zamani ulilozoea. Namba ya mbele hubaki, mkia ndio hubadilika. Red Hat na Ubuntu hufanya vivyo hivyo, na wakati wa Heartbleed Debian 7 ilizibwa ikiwa bado inajiita 1.0.1e. Kwa hiyo usihukumu kwa namba ya mbele. Uliza historia ya pakeji yenyewe:

apt changelog openssh-server | grep CVE-2024-6387
rpm -q --changelog openssh-server | grep CVE-2024-6387

Ya kwanza ni ya Debian na Ubuntu, ya pili ya jamii ya Red Hat. Namba ya CVE ikijitokeza, kiraka kimo. Isipojitokeza, rudi kwenye tangazo, kwani inawezekana toleo lako halikuwahi kuguswa: Debian 11 yenye OpenSSH 8.4p1 ilikuwa salama kwa regreSSHion kwa sababu ni ya zamani kuliko kosa lenyewe. Nasisitiza jambo hili kwa kuwa nimeona likizaa madhara. Mkaguzi huja na ripoti ya kompyuta inayosoma namba ya mbele tu, bosi anaingiwa na hofu, fundi anapakua msimbo kutoka mtandaoni na kuujenga kwa mkono juu ya ule wa mfumo. Siku hiyo ripoti inakuwa safi. Kuanzia hapo mashine imetoka kwenye mkondo wa viraka, na mwanya unaofuata hautazibwa na mtu yeyote isipokuwa fundi huyohuyo, kama bado yupo kazini na bado anakumbuka.

Kukimbilia matoleo mapya kuna hatari ya upande wa pili. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waundaji wa PostgreSQL, alishangaa kwa nini kuingia kwa SSH kunachukua nusu sekunde zaidi, akafuatilia hadi akakuta mlango wa siri uliopandikizwa kwa makusudi katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana faili. Waliokuwa kwenye Debian thabiti hawakuguswa. Waliopokea ni wale waliokuwa kwenye matawi ya majaribio, na dawa yao ilikuwa kurudishwa nyuma. Seva yenye data za watu ikae kwenye tawi thabiti.

Kiraka kimewekwa kwenye diski. Sasa huduma zenyewe.

Programu inapoanza, hupakia maktaba ya OpenSSL kwenye kumbukumbu na kuishi nayo. Ukibadilisha faili kwenye diski, programu inayoendelea kukimbia haina habari. Inashikilia nakala ya zamani hata kama faili imeshafutwa. Seva ya tovuti iliyowashwa Januari inaweza kuwa inatumia OpenSSL ya Januari hadi leo, huku apt ikikuhakikishia kwamba pakeji ni ya jana. Kwenye Debian na Ubuntu weka pakeji ya needrestart kisha uendeshe sudo needrestart. Itakutajia huduma zinazohitaji kuwashwa upya. Kwenye jamii ya Red Hat tumia sudo dnf needs-restarting. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, amri hii hufanya kazi karibu kila mahali kwenye Linux:

sudo lsof -n | grep libssl | grep DEL

Kila mstari utakaotoka ni programu inayoshikilia maktaba iliyofutwa. Iwashe upya kwa systemctl restart, wala usitumie reload. Reload huiambia Apache au nginx isome upya mipangilio yake, lakini mchakato mama hubaki uleule na maktaba yake ileile. Ukiona orodha ni ndefu, washa mashine nzima upya. Kwa seva ya ofisi ndogo ninapendekeza hivyo daima: dakika tatu za kukosekana usiku ni nafuu kuliko kusahau huduma moja. Isipokuwa tu, kabla ya kugusa SSH kwenye mashine iliyo mbali, endesha sudo sshd -t ikague mipangilio, na uache dirisha la pili likiwa limeunganishwa. Ukishindwa kuingia upya, dirisha hilo ndilo litakalokuokoa na safari ya kwenda kwenye mashine yenyewe.

Sasa swali la siri. Si kila kiraka kinadai funguo mpya, na anayebadilisha kila kitu kila wiki atachoka, siku inayohitajika kweli asifanye. Novemba 2022 OpenSSL ilitoa toleo la 3.0.7 kuziba udhaifu namba CVE-2022-3602, ambao kabla ya tangazo ulitajwa kuwa wa ngazi ya juu kabisa kisha ukashushwa. Hapo kuweka kiraka na kuwasha upya kulitosha. Jiulize mambo mawili: je, udhaifu uliruhusu mtu asome kumbukumbu au atawale mashine? Je, uligusa namna funguo zinavyozalishwa au zinavyotumika? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote kati ya hayo, badilisha.

Mpangilio wa hatua ni muhimu. Baada ya kiraka na kuwasha upya, tengeneza ufunguo mpya wa siri, omba cheti kipya juu ya ufunguo huo, kiweke kazini, kisha omba cheti cha zamani kifutwe na waliokitoa. Nywila za watumiaji huja mwisho. Ukiwaambia watu wabadilishe nywila wakati seva bado inavuja, unampelekea mwizi nywila mpya. Wanaotumia Let's Encrypt kupitia Certbot wana unafuu: certbot renew --force-renewal hutengeneza ufunguo mpya pamoja na cheti, mradi hukuwasha chaguo la --reuse-key. Usiirudie ovyo, kwa kuwa Let's Encrypt huweka kikomo cha vyeti vitano vinavyofanana kwa wiki.

Kwa SSH kuna funguo za aina mbili. Za mashine yenyewe hubadilishwa hivi:

sudo rm /etc/ssh/ssh_host_*
sudo ssh-keygen -A
sudo systemctl restart ssh

Kwenye jamii ya Red Hat jina la huduma ni sshd. Baada ya hapo kila mtumiaji atakayejaribu kuingia ataonywa kwa herufi kubwa kwamba utambulisho wa seva umebadilika. Wajulishe mapema. Wasomee alama ya ufunguo mpya kwa simu, au uwape ana kwa ana. Utaipata kwa ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub. Wao watafuta kumbukumbu ya zamani kwa ssh-keygen -R na jina la seva, kisha walinganishe alama kabla ya kujibu ndiyo. Ukiwazoesha kupuuza onyo hilo, siku mtu atakapojifanya seva yenu watalipuuza vilevile.

Funguo za watu hutengenezwa upya kwa ssh-keygen -t ed25519, kila mtu kwenye kompyuta yake. Kuongeza mpya hakutoshi. Ile ya zamani ifutwe kwenye authorized_keys ya kila seva ilikopelekwa, na kwenye GitHub, na kwenye kile kiseva cha nakala rudufu ambacho hakuna anayekikumbuka. Debian ilijaribu kusaidia mwaka 2008 kwa kutoa orodha ya funguo mbovu na chombo cha ssh-vulnkey cha kuzitafuta. Leo unahitaji daftari lako mwenyewe: ufunguo upi uko wapi, ni wa nani, umetengenezwa lini.

Apt na dnf hazifiki kila mahali. Kontena ya Docker hubeba OpenSSL yake ndani; kusasisha mashine mama hakuigusi, na lazima ijengwe upya kwa docker build --pull --no-cache, kisha ile ya zamani izimwe. Node.js inayopakuliwa kutoka kwa watengenezaji wake huja na OpenSSL yake. Maktaba ya cryptography ya Python, ukiiweka kwa pip, nayo pia, na husasishwa kwa pip. Programu za Go hazitumii OpenSSL kwa kawaida, bali hubeba hesabu za siri ndani ya faili moja, hivyo husubiri mtengenezaji atoe faili mpya. Ruta, kamera na visanduku vya kuhifadhia faili vina Linux ndani yake, na mara nyingi mtengenezaji ameshaacha kuvishughulikia. Usiviweke wazi kwenye intaneti.

Umri wa mfumo nao una mwisho. CentOS 7 iliacha kupokea viraka tarehe 30 Juni 2024, na Ubuntu 20.04 ilitoka kwenye huduma ya kawaida mwisho wa Mei 2025. Mashine hizo zitaendelea kuwaka, na apt au yum itaendelea kusema hakuna jipya, kwa sababu kweli hakuna anayetengeneza jipya. Ubuntu Pro hurefusha huduma kwa miaka mingine, na ni bure kwa matumizi binafsi hadi mashine tano. Kuhusu OpenSSL yenyewe, waundaji waliacha kuhudumia tawi la 1.1.1 kwa umma tarehe 11 Septemba 2023. Mwenye Red Hat 8 asishtuke, kwani Red Hat wenyewe wanaendelea kulishonea viraka.

Kwa wengi wetu tunaotunza seva huku tunafundisha, tunahasibu au tunahariri, njia ya kuaminika ni kuiachia mashine ijisasishe. Weka unattended-upgrades kwenye Debian na Ubuntu, dnf-automatic kwenye jamii ya Red Hat, ziishie kwenye viraka vya usalama tu. Kuna wanaohofia kwamba kiraka kitavunja huduma usiku wa manane. Hutokea, ila kwa nadra kwenye tawi thabiti, na huduma iliyovunjika huonekana asubuhi. Mwanya uliobaki wazi hauonekani. Penye kompyuta nyingi na bando kidogo, weka apt-cacher-ng kwenye mashine moja ya ndani. Kila pakeji itashuka mara moja, nyingine zote zichukue hapo.

Na kama dalili zinaonyesha data za watu zimetoka, suala linakuwa la kisheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inamtaka mwenye data amjulishe Kamishna ndani ya saa 72 tangu alipofahamu, pale penye hatari ya kweli kwa wahusika. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake. Utaulizwa kiraka kilitangazwa lini, kiliwekwa lini, huduma ziliwashwa upya saa ngapi, funguo zilibadilishwa lini. Tarehe ya kuwekwa kwa kiraka imo katika /var/log/apt/history.log, au kwa amri ya dnf history. Ya kuwashwa upya huonyeshwa na systemctl status. Tarehe ya funguo haiandikwi na mfumo mahali pa kueleweka, kwa hiyo iandike wewe, siku hiyohiyo, na nakala za faili hizo zitoe kwenye mashine kabla ya kuanza kuisafisha.